Kidole cha Shahada

Miaka ishirini na miwili naandika ya watu,
Mahakama ya Mwanzo, Isevya, dirisha la pili.
Feni imekufa. Kalamu nimeifunga uzi mezani,
mashahidi wana mazoea ya kuondoka nayo.

SM 1, SM 2, SU 1: ndivyo watu wanavyoingia kwangu,
herufi mbili na namba.
Huyu aliona mbuzi. Yule alisikia kofi, kofi lenyewe hakuliona.
Bibi wa Kanyenye anauliza nauli kwanza,
kisha anaapa.
Na wote humtaja Mungu kuwa shahidi yao.
Sijawahi kumwandikia Mungu samansi.

Neno hili nimelibeba mpaka nikajua mifuko yake.
Mtangazaji wa redio analimwaga tu:
wiki hii Tabora imeshuhudia mvua,
imeshuhudia mabao matatu, imeshuhudia bei ya tumbaku ikishuka.
Utadhani mji una macho,
utadhani mji ungeitwa shaurini ukaja.
Jumapili, kanisani Ipuli, jirani yangu Mama Msobi
anatoa ushuhuda ule ule, wa uvimbe uliotoweka,
na kila mwaka uvimbe unaongezeka ukubwa.
Mpwa wangu Kalunde ana shahada, ameitundika ukutani,
chini yake anauza vocha.
Mimi yangu iko mkononi,
kidole hiki jirani ya gumba:
kila swala hunyanyuka chenyewe, bila kuamrishwa.

Kuona ni bure. Macho hayana pazia, walisema.
Hawakusema kwamba ulimi una mlango,
na mlango una komeo,
na nyuma ya komeo yuko mtu ameegemea.

Basi nifike pale.

Treni ya Mpanda ilichelewa usiku ule,
nilikuwa stesheni kumpokea shemeji.
Ndoo ya asali ikapotea. Wakasema Shija,
yule mchukuzi mwembamba, hata viatu vyake vilikuwa vya kuazima.
Ndoo ilikuwa chini ya benchi nililokalia,
imefunikwa kanga ya mtu.
Niliiona kabla hawajamfikisha chini.
Ilitosha kunyoosha kidole.
Hata sauti isingehitajika.
Nikawaza: wataniuliza imefikaje kwako.
Nikamuwaza shemeji. Nikaiwaza mvua.
Kitete walimpokea saa nane,
alfajiri walimfunika.

Shauri likaletwa kwangu niliandike.
SM 1 alikuwa amelala. SM 2 alikuwa msalani.
SM 3 anasema taa zilizimika.
Niliandika kwa mwandiko mzuri, bila kufuta hata mahali.

Juzi mama yake alikuja dirishani, Nyanzala,
kutoka Sikonge, na mfuko wa michembe.
"Mwangaluka, karani. Wewe unajua maneno.
Msikitini wanasema aliyeuawa kwa dhuluma ni shahidi.
Hapa kwenu shahidi ni aliyekuwepo akaona.
Sasa ni mwanangu, au ni wale waliomtazama?
Neno moja haliwezi kuwalipa wote."

Nikamwambia lugha ina mambo yake.
Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu,
asitake ugomvi.
Michembe akaiacha.

Nimechukua fomu tupu.
Jina: Yasini Mlekwa. Umri: hamsini na nne.
Kabila: Mnyamwezi.
Dini (hapa kalamu ilivuta uzi, meza ikatikisika kidogo): Mwislamu.
Mahali pa namba nimepaacha.
SM ngapi, sijui. Wala sijui kama ni SM,
maana kuna upande mwingine wa chumba
nisiowahi kusimama.

Michembe ni migumu, natafuna polepole.
Kidole kimelala juu ya karatasi, kizito kama cha mtu mwingine.
Kuna anayegonga kioo.
Anauliza kama hapa ndipo watu wanapoapishwa.